Boksi la zamani la kuchezea filamu laweza kuwa la kuonyeshea TV iliyorekodiwa kwenye seva ya nyumbani?

MtwapaMmoja

Salam wadau. Nina swali na mnivumilie maana ni refu kidogo.

Nyumbani tuna TV mbili, moja ukumbini nyengine chumbani kwa mama, kila moja na dekoda yake ya bure zile za DVB-T2 na antena yake. Shida yetu ni taarifa ya saa moja. Mama akishaswali magharibi hainuki pale mswalani mpaka ishaa, yuasoma uradi wake, kwa hivyo taarifa yampita kila siku, na akimaliza ataka aione tangu mwanzo si kusimuliwa. Mdogo wangu naye ataka taarifa ya stesheni nyengine saa hiyo hiyo, na mwajua zote zasoma ya Kiswahili saa moja kwa pamoja kama walioambiana. Dekoda ina tundu la flashi na kurekodi yarekodi kweli, lakini ni ile chaneli unayoitazama tu, ukihama imekata, na kuiwekea saa kwa ile rimoti yake ni adhabu.

Nimeona watu wasema unaweza kuwa na kompyuta moja inanasa matangazo na kurekodi, halafu kwenye TV unaweka boksi dogo la kuonyesha tu linalovuta kwa netiweki. Vitu nilivyo navyo: laptopu ya zamani kioo kimevunjika lakini yawaka vizuri, hadi diski ya nje ya 1TB ile ndogo isiyo na waya wa stima, na boksi la WD TV Live ambalo kaka yangu aliliacha aliporudi Dubai. Sasa maswali. Moja, hii WD TV Live yafaa kuwa lile boksi la kuonyesha? Mbili, nimeona mjini kijiti cha USB cha kunasia TV kwa bei poa kabisa, paketi imeandikwa DVB-T, nichukue? Sina pesa nyingi wadau, msiniambie ninunue mitambo ya studio.

fundi_waya_nbo

Bro weka pesa mfukoni kwanza, hicho kijiti usichukue. DVB-T na DVB-T2 si kitu kimoja, ni vizazi viwili, na Kenya tunarusha T2. Kile cha bei poa mara nyingi ndani kina chipu ya RTL2832U peke yake na hiyo haijui T2 hata uipake mafuta, utaskani mpaka asubuhi upate chaneli sifuri halafu uanze kulaumu antena. Watu wanavinunua kwa kusikilizia redio na ndege, hapo viko sawa sana, kwa TV ya hapa hapana. Kuna vingine vinafanana kabisa kwa nje lakini vina chipu ya pili kando inayosoma T2, hivyo vinaingia. Kwa hivyo usisome paketi pekee, uliza jina la chipu. Ukisikia Si2168 chukua ukiwa umetulia, Linux inaijua siku nyingi, ila utahitaji kuweka faili yake ya femwea (programu ya ndani ya chipu) kwenye foda ya /lib/firmware, bila hiyo kijiti kinaonekana kwenye mashine lakini kinakaa bubu.

Sasa habari njema ambayo wengi hawaijui. Mnara haurushi stesheni moja moja kila moja na masafa yake kama enzi za analogi. Zinafungwa nyingi pamoja kwenye masafa mamoja, na tyuna (sehemu ya kunasia masafa) ikishakamata masafa yale inapokea zote zilizomo kwa wakati mmoja. Dekoda yako inachagua moja na kutupa zingine, lakini softwea nzuri ya kurekodi haitupi. Citizen, NTV na KTN zilijenga mtambo wao wa pamoja wa kurushia, ile ADN (Africa Digital Network), mnakumbuka Februari 2015 zilivyozimika karibu wiki tatu wakati wa vita vya kuhama dijitali. Maana yake hizo tatu unaweza kuzirekodi ZOTE saa moja jioni kwa kijiti kimoja cha tyuna moja. KBC iko kwa Signet, kampuni yake ya kurushia, masafa mengine, ukiitaka pamoja na hizo ndio utahitaji tyuna ya pili. Kwa hivyo shida ya mama na mdogo wako imekwisha kabla hatujafika kwa boksi.

Softwea ya kurekodi weka Tvheadend juu ya Debian au Ubuntu (ni aina za Linux) kwa hiyo laptopu. Haihitaji kioo, unaifungua kwa brauza ya simu kwenye anwani ya laptopu poti 9981.

Mzee_wa_Leicester

Kijana wa Mtwapa, wa alaikum salam. Swali lako limenikumbusha mbali. Mimi niko huku Uingereza tangu Freeview haijaanza, yaani kabla ya 2002, na mambo haya tulikuwa tukiyafanya na kiboksi kikiitwa MediaMVP cha Hauppauge. Kilikuwa hakina diski, hakina feni, ukikiwasha kinakwenda kuomba programu yake kwenye seva kupitia waya wa netiweki, kikipewa ndipo kinapojua kazi. Watu walikiandikia softwea ya bure ikiitwa mvpmc na kwa hiyo ukaweza kukiunganisha na MythTV, softwea ya kurekodi TV, ukapata TV ya moja kwa moja, rekodi, ratiba, vyote kwa rimoti moja. Kilichokiua ni kwamba kilijua MPEG-2 tu, namna ya zamani ya kubana picha. Freeview ya kawaida hapa ilikuwa MPEG-2 basi kikacheza raha mustarehe, ilipokuja HD mwishoni mwa 2009 kwa T2 na H.264, namna mpya zaidi ya kubana picha, kikawa hakina la kusema.

Nakuambia haya kwa sababu ndiyo maswali mawili ya kuliuliza boksi lolote: linajua kusoma picha ya aina inayorushwa, na je linajua kuzungumza na seva yako. Hiyo WD TV Live swali la kwanza inafaulu, H.264 inaicheza mpaka 1080p na faili za .ts inazifungua. Swali la pili inafaulu nusu. Tvheadend ina lugha yake ya kuongea na maboksi, inaitwa HTSP, iko poti 9982, na WD TV Live haiijui na haitaijua. Kwa hiyo haitakupa ratiba, haitakupa TV ya moja kwa moja ya kusimamisha na kurudisha nyuma, wala hutaweza kupanga rekodi kutoka kwenye rimoti yake. Itakachofanya ni kuingia kwenye foda ya rekodi kama inavyoingia kwenye foda ya filamu na kucheza.

Kwa mama yako, kwa maoni yangu, hiyo inatosha kabisa na pengine ndiyo bora. Wewe panga rekodi kwa simu, yeye akimaliza ishaa afungue foda abonyeze. Usimtwishe ratiba na menyu asizozitaka.

sauda_dsm

Wakuu habari za jioni. Naungana na mzee hapo juu ila niongeze mawili matatu.

Mtwapa, wewe una bahati chaneli zenu kubwa ziko wazi hewani. Huku kwetu ving'amuzi vingi ni vya kadi, na chaneli iliyofungwa kwa kadi kijiti cha USB kinaipokea lakini hakiwezi kuifungua, unarekodi giza. Nalisema hili kwa wale wa Bongo watakaosoma wakakimbilia Kariakoo. Kwanza skani uone zipi ziko wazi mtaani kwako ndipo ununue vingine.

La pili, umeme. Watu wengi watakwambia utumie Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, iwe seva, na ni nzuri, lakini mwenzangu una laptopu yenye betri! Hilo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Umeme ukikatika saa moja kasoro, rauta inazima, TV inazima, lakini laptopu inaendelea, kijiti kinakula umeme wa laptopu, diski yako ndogo nayo inakula humo humo, antena ya paani haihitaji umeme kama haina busta, basi rekodi inaendelea kama hakuna kilichotokea. Umeme ukirudi mama anakuta taarifa yake. Pi kwenye memori kadi ingekatika katikati na ikizoea kukatwa hivyo kadi inakufa. Hakikisha tu betri bado inashika chaji, za zamani nyingine ni pambo. Na kwa sababu kioo kimevunjika utaifunika, basi nenda kwenye /etc/systemd/logind.conf uweke HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukiifunika inalala na rekodi zako zote zinalala nayo.

MtwapaMmoja

Ahsanteni sana, mzee Leicester na dada Sauda na fundi, Mungu awaweke. Kijiti cha Si2168 nimepata cha mkono wa pili, Tvheadend imekaa, nimeskani na chaneli zimemwagika, na rekodi ya kwanza ya stesheni mbili kwa pamoja imetoka safi kabisa, hata mdogo wangu hakuamini.

Sasa nimekwama kwa WD TV Live. Nimeweka Samba, ile softwea ya kugawana foda kwa netiweki, kwenye laptopu, simu yaiona foda, laptopu ya jirani yaiona, lakini lile boksi laliona jina la laptopu tu, nikibonyeza lataka neno la siri halafu lakataa. Neno la siri ni sahihi nina hakika. Pia rekodi ya jana imeanza saa saba usiku badala ya saa moja??

fundi_waya_nbo

Haha hiyo ya saa ni ya Waswahili wote. Tvheadend inaongea saa za 24, umeandika 01:00 ikakusikiliza vile vile. Saa moja jioni ni 19:00. Weka ianze 18:57 iishe 19:55, taarifa haziheshimu dakika. Na tumia ile rekodi ya saa maalum inayojirudia kila siku, si ile ya kutafuta jina la kipindi, kwa sababu ratiba zinazokuja na matangazo si za kutegemea, kuna siku jina limebadilika herufi moja na kuna siku hakuna kitu kabisa. Ukitumia saa haijali ratiba iko au haiko. Angalia pia saa ya laptopu yenyewe iko Nairobi, Ubuntu ikiwekwa haraka haraka inabaki UTC (saa za dunia) na hapo utakosa kwa masaa matatu.

Samba sijui sana, wacha wengine waseme.

Mzee_wa_Leicester

Neno la siri liko sawa, wanachoshindana ni lugha. Hayo maboksi ya WD yanazungumza SMB (lugha ya kugawana foda) ya kwanza tu, ya kale. Samba tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019 imeizima hiyo kwa chaguo-msingi kwa sababu si salama. Fungua /etc/samba/smb.conf, chini ya [global] andika

server min protocol = NT1
ntlm auth = ntlmv1-permitted

halafu uwashe upya smbd. Foda ya rekodi ifanye ya kusoma tu, tena ya mgeni asiye na neno la siri, ili hata kikiingia kitu kibaya kupitia mlango huo wa kale kisiweze kufuta wala kuandika. Na foda zako nyingine, picha za harusi na vyeti, usiziweke wazi kwenye laptopu hiyo hiyo. Mimi moyo wangu hautulii sana na jambo hili, nalisema wazi, lakini ndani ya nyumba nyuma ya rauta isiyo na poti zilizofunguliwa nje, kwa foda ya taarifa za habari, naona linabebeka.

Kama hutaki kabisa SMB ya kale, iko njia ya DLNA, lugha nyingine ya kugawana filamu kwa netiweki, unaweka minidlna kwenye laptopu na boksi linaiona lenyewe bila neno la siri. Ubaya wake ni kwamba kwa maboksi mengi ya zamani kupeleka mbele na kurudisha nyuma kupitia DLNA kunakwamakwama, na taarifa mtu hupenda kuruka matangazo ya biashara.

kibaruani_muscat

Assalam alaikum jamaa. Hapa Muscat mimi nafanya kitu hicho hicho ila natumia dishi, nimeelekeza Nilesat na Badr, chaneli za bure za Kiarabu ni nyingi mpaka wachoka. Badala ya kijiti nina kisanduku cha SAT>IP kiko juu karibu na dishi, kinapokea na kumwaga kwenye waya wa netiweki moja kwa moja, Tvheadend inakikuta yenyewe kwenye netiweki. Uzuri wake ni kwamba seva unaweza kuiweka popote nyumbani, haifungwi na waya wa antena. Sisemi ununue, najua bajeti, lakini siku ukiwa na nafasi hata kwa antena ya kawaida kuna HDHomeRun inafanya hivyo hivyo, angalia tu uchukue toleo la T2 maana la Marekani ni la mfumo wao wa ATSC na halitakufaa na chochote huko.

Swali kwa wote, kwani kwa nini hakuna aliyemwambia kijana kuhusu Kodi, ile programu ya kuonyesha TV na filamu? TV ya ukumbini ataka kuangalia moja kwa moja pia, si rekodi tu.

sauda_dsm

Nilikuwa nakuja huko mkuu. Mtwapa, WD TV Live ibaki kwa mama, ya ukumbini ndio uweke Kodi. Kodi upande wa TV na kurekodi waliuingiza rasmi toleo la 12 mwaka 2013 likiwa bado linaitwa XBMC, kwa hiyo limeshakomaa. Unaweka kiongezeo cha Tvheadend HTSP, unampa anwani ya laptopu, chaneli zote zinatokea kwenye orodha na rekodi zako nazo. Hapo sasa unasimamisha TV ya moja kwa moja uende jikoni, urudi uendelee, ukiwa umewasha taimshifti kwenye Tvheadend.

Ya kuwekea: Raspberry Pi 4 yenye LibreELEC (mfumo mwepesi wa kuendesha Kodi), hata ya RAM ya 2GB inatosha, inachezesha H.264 kwa chipu yenyewe bila kuhema. Jihadhari na kitu kimoja ambacho wauzaji hawasemi, Pi 5 mpya zaidi walitoa sehemu ya chipu inayosoma H.264, wakabakiza ya HEVC, namna nyingine ya kubana picha, kwa hiyo H.264 inasomwa na prosesa. Inacheza kwa sababu prosesa ina nguvu, ila unalipa zaidi kwa kazi ambayo Pi 4 inaifanya kwa utulivu. Maboksi ya Android ya bei rahisi mimi siyapendi, picha ya 576i ya TV ya kawaida mengi yanaichanachana, ukitazama mpira unaona mistari kwenye miguu ya wachezaji. Lakini kama TV yako yenyewe ni Android TV basi usinunue boksi lolote, weka Kodi humo humo ujaribu kwanza.

kibaruani_muscat

Dada Sauda kwa maboksi ya Android umeyaonea kidogo. Mimi ninalo moja lina miaka na mistari siioni. Yategemea chipu na yategemea umeweka nini kwenye setingi za Kodi upande wa diintalesi, ile ya kuondoa mistari.

sauda_dsm

Inawezekana mkuu, ila mtu wa bajeti ndogo hawezi kubahatisha chipu. Pi unajua unachokipata.

MtwapaMmoja

WD TV Live imekubali!! Ile mistari miwili ya Samba ndiyo ilikuwa. Mama jana ameona taarifa nzima akiruka matangazo, sasa asema nimtolee na kipindi cha mapishi. Pi 4 nitatafuta mwisho wa mwezi.

Maswali ya mwisho wadau. Diski ya 1TB itajaa lini? Na stesheni moja rekodi zake kwenye WD zaonyesha picha bila sauti, kwenye simu sauti ipo. Halafu mama ataka rimoti moja tu, ana tatu pale mezani.

fundi_waya_nbo

Diski: chaneli ya kawaida inakula karibu megabiti 2 na nusu kwa sekunde, yaani saa nzima kama GB 1 na kidogo. HD ikiwa megabiti 8 ni GB 3 na nusu hivi. Taarifa mbili kila siku ni kama GB 2, 1TB itakaa mwaka na zaidi. Lakini usiiache ijae, kwenye profaili ya kurekodi kuna sehemu ya kusema rekodi ikae siku ngapi, weka siku 7, nani anatazama taarifa ya mwezi jana. Mapishi weka profaili nyingine ikae milele kama mama anavyotaka.

Mzee_wa_Leicester

Sauti: kuna stesheni zinazotuma AAC iliyofungwa kwa namna ya LATM, na maboksi ya zamani mengine hayaifungui. Picha usiiguse, badilisha sauti peke yake kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i rekodi.ts -c:v copy -c:a ac3 rekodi.mkv

Kwa taarifa ya saa nzima ni kazi ya dakika chache hata kwa laptopu ya zamani kwa sababu picha inanakiliwa tu. Tvheadend ina sehemu ya kuendesha amri rekodi ikishamalizika, iandikie hiyo humo ijifanyie yenyewe kabla mama hajatoka mswalani. Hakikisha faili mpya inakwenda foda nyingine, na ile foda ndiyo umwonyeshe mama, asikutane na nakala mbili.

Rimoti: kwa Pi ni rahisi, HDMI ina CEC, rimoti ya TV yenyewe inaendesha Kodi bila kuongeza kitu. Kwenye menyu ya TV tafuta CEC, kila kampuni imeipa jina lake la kujitapa, iwashe. Kwa WD TV Live hilo halipo, hapo nunua rimoti ya kufundishwa, ile unayoielekeza kwa rimoti nyengine ikajifunza vitufe. Mfundishe vitano tu: juu, chini, sawa, rudi, na sauti. Vingine vyote vizibe kwa gundi ya karatasi.

kibaruani_muscat

Na kwa vile uko Mtwapa, ile sehemu waya unapoingia kwenye antena juu ya paa ifunge kwa tepu ya mpira isiyopitisha maji, upepo wa bahari ule unakula shaba upesi. Picha ikianza kukatakata baada ya miezi kadhaa usiguse laptopu, panda juu kwanza.

MtwapaMmoja

Sawa, ya tepu nitafanya wikendi hii nikiwa na ngazi ya jirani. Amri ya ffmpeg nimeiweka, jana usiku imejaribu na sauti imetoka. Kama kuna mtu Mombasa ana Pi 4 haitumii aniandikie pembeni.